Profesa tuliyeenda kumpokea stendi

Jamani, leo mwalimu wangu kanitenda.

Miezi yote hii nimembembeleza aje chuoni kwetu Sumbawanga awe profesa wa mifumo ya nishati. Akakubali, na chuo kikamwandikia barua ya ajira. Nikamtafutia nyumba Milanzi, na juzi tu alinipigia kuuliza kama baridi ya huku ni kali.

Leo tumeenda stendi kumpokea, mimi na wanafunzi. Basi likafika, hayumo. Nikampigia.

"Shikamoo, Profesa. Uko wapi?"

"Marahaba. Siji, mwanangu. Ile barua yenu ya ajira niliwaonyesha wakubwa wangu hapa kazini, wakanipandisha cheo ili nisiondoke."

"Lini?"

"Wiki mbili sasa."

Yaani juzi anauliza baridi, alishajua haji!

Wanafunzi wote wananitazama. Nikakata simu bila kumuaga, mtu aliyenifundisha uhandisi.

Ingekuwa wewe, ungemwambia nini?