Gesare na Mwenyekiti wa Dirishani

Ukitaka kumjua Gesare wa Suneka, huna budi kwanza uvumilie habari za Chama cha Wafanyabiashara. Mimi nilikuwa mwanachama, fundi cherehani wa pale sokoni, na hata leo nikikikumbuka chama kile kichwa kinaniuma.

Chama chenyewe hakikuwa bure. Tulikianzisha miaka michache baada ya uhuru ili wenye maduka wawe na sauti moja. Ndicho kilichomfuata D.O., afisa wa serikali wa tarafa, mpaka barabara ya kwenda Kisii ikamwagiwa changarawe. Sukari ilipoadimika, chama kiligawa magunia yaliyofika, ili mwenye duka kubwa asiyafiche yote. Kilichimba vyoo vya soko na kuweka mlinzi. Baraza la Kaunti nalo, likiwa na shaka juu ya ploti ya biashara, lilituuliza: chama chenu kinasemaje? Neno la chama lilikuwa na uzito. Kazi ilikuwa kulipata hilo neno.

Siku ya kukutana tu ilikuwa vita. Jumamosi sisi Wasabato hatugusi biashara. Jumapili Wakatoliki wako misani. Siku ya soko hakuna anayefunga duka. Ikabaki Jumatano alasiri, saa ambayo mvua ya Kisii hunyesha kana kwamba imeajiriwa.

Halafu mahali. Tulimchagua Mzee Nyamweya awe mwenyekiti kwa umri wake na busara yake, na mwanawe Manasseh awe katibu kwa sababu amesoma. Tukapitisha kwamba ofisi iwe kwa katibu, katika chumba cha mbele cha duka lake. Watu wazima na ndevu zetu, hakuna aliyekumbuka kwamba Manasseh ana mke na wanalala chumba cha nyuma. Mgusii haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo ensoni, ile haya ya heshima kati ya baba na mwana, na zaidi kati ya baba na mke wa mwana. Haiondolewi kwa kura.

"Lakini Tata, hapa ni ofisi," Manasseh alimwambia baba yake siku ya kwanza.

"Kitanda kiko?" Mzee akauliza kutoka nje.

"Kiko, lakini ni huko nyuma ya ukuta."

"Basi niwekeeni kiti hapa dirishani."

Hivyo ndivyo chama kilivyoongozwa mwaka hadi mwaka: sisi ndani, mwenyekiti nje, nami nimemshikia mwavuli kwa sababu mwavuli ulikuwa wangu. Mvua ikizidi hatumsikii. Ikizidi zaidi, mkutano unaahirishwa. Ukisema ofisi ihamishwe, unajibiwa kwamba hoja hiyo lazima ijadiliwe katika mkutano uliokamilika. Nilikuwa narudi kwenye cherehani yangu nimelowa bega moja, nikishona nguo za watu kwa hasira.

Sasa Gesare. Alikuwa mzaliwa wa Itumbe, akaolewa kwetu na Nyasani. Wawili hao walijenga hoteli mkabala na duka la Manasseh. Nyasani alisimamisha nguzo na kuezeka mabati, Gesare akakanda udongo na kukandika kuta kwa mikono yake. Mbele waliuza chai na mandazi, nyuma wakalala na watoto wao, Ratemo na wadogo zake. Gesare hakuwa mwongeaji, ila ukimwambia chai ni nyepesi alikuonyesha mlango. Nilimpenda kwa hilo. Soko letu lilikuwa na watu wengi mno wa kukubali kila kitu.

Nyasani alikufa kwa homa mwaka wa sabini. Matanga hayajaisha vizuri, mdogo wake Abner, mfanyabiashara wa ndizi na mwanachama mwenzetu, akaanza kusema ploti irudi kwa ndugu. Iliandikwa kwa jina la marehemu. Karani wa Baraza akasema hawezi kuamua mambo ya familia, chama kiseme ni nani mwenye mahali pale. Kama tungesema Abner, Gesare angerudi kijijini na watoto watatu, akalime kipande atakachokatiwa na huyo huyo Abner.

Sasa niambie, hilo ni neno la kuahirishwa? Tuliliahirisha. Mara mvua, mara msiba, mara Mzee hakusikia hoja. Gesare alikuja kila mara akasimama mlangoni, maana wanawake hawakuwa wanachama, kisha akarudi kuchochea moto wake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yaliyokuwa yakiumia ni ya watoto wake, si yetu. Mzee Nyamweya naye alikuwa ndugu wa baba yao. Nyasani na Abner wote kwake walikuwa wana, na nadhani ile mvua ilimsaidia. Hakutaka kuchagua.

Jumatano moja mkutano ulianza kukiwa na jua. Abner akasimama, amevaa koti.

"Wazee, hili jambo si gumu," alisema. "Shemeji yangu ana nyumba yake kijijini, hakuna mtu anamfukuza. Lakini hii ya soko si nyumba. Ni duka. Ni mahali pa watu wote, mtu anaingia anakunywa chai anaenda. Duka la ndugu linarudi kwa ndugu."

Wengine wakaanza kuitikia kwa vichwa. Nilitamani kumchapa mtu. Kabla sijafungua mdomo, mvua ya mawe ikashuka, ile inayochana majani ya migomba, na mwavuli wangu ukatoboka. Upepo uliisukuma mvua moja kwa moja dirishani. Tukakimbilia ng'ambo, hotelini kwa Gesare, Abner akiwa wa kwanza. Aliketi karibu na moto, akapewa chai.

Mzee Nyamweya hakuingia. Alisimama chini ya ukingo mwembamba wa mabati, mawe yakimpiga mabegani.

"Tata, ingia," Abner akamwita. "Utakufa huko."

Mzee akatikisa kichwa.

Gesare alikuwa na birika mkononi. Akaliweka chini, akasogea karibu na mlango, akasema ameinamisha macho, kama mke wa mwana anavyopaswa.

"Tata, shemeji amesema hapa si nyumba, ni duka tu la watu wote. Kama ni hivyo, ingia ukae na wenzako."

"Siwezi, Mama Ratemo."

"Kwa nini?"

Mzee alitazama matope. Sisi sote tulisogea mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya chama kile, kila mtu alimsikia mwenyekiti.

"Ni nyumba ya mke wa mwanangu," alisema.

"Manasseh," Gesare akasema, "andika hivyo."

Abner akaruka. Akasema huo haukuwa mkutano, akasema Mzee hajapitisha kitu. Mzee mwenyewe akakubali kwa haraka: yeye hajachagua mtu yeyote, amekataa tu kuingia.

"Inatosha, Tata," Gesare akasema.

Manasseh akaandika. Hakuna aliyepinga, maana wa kupinga angelazimika kumwambia mzee yule avuke kizingiti. Gesare alimtolea Mzee kigoda na blanketi pale nje, akampelekea chai kwa mkono wa mtoto.

Abner alisimama, akakaza koti lake, akaelekea mlangoni ambako mawe yalikuwa bado yanaanguka.

"Kaa, shemeji," Gesare akamwambia. "Kwangu simfukuzi mtu mvuani."