Jiwe la Mzee Makori Limebaki Kwangu, Kerubo

Asubuhi hii nimeshika tena simu ili nimwandikie Kerubo. Kidole kimefika kwenye jina lake, ndipo nikakumbuka kwamba jana tulimfukia.

Ndugu na marafiki mnaosoma ukurasa huu, wengi wenu hamkumfahamu. Niruhusuni nimlete mbele yenu kwa maneno, maana kwa njia nyingine siwezi tena.

Kerubo alikuwa mwenzangu wa chumba chuoni, binti wa Nyamarambe, mtoto wa mchongaji wa mawe ya sabuni, yale mawe laini ya Kisii. Mimi ni wa majani chai, huku Nyamira. Alizoea kunitania kwamba sisi tunajua kuchuma tu, kuumba hatujui.

Mwaka jana darasa letu la sanaa lilizuru Nairobi: makumbusho, kumbi za michoro, majumba ya maonyesho. Tulipiga selfie hadi simu zikaishiwa na chaji.

Katika ukumbi mmoja alisimama mbele ya sanamu ya mama aliyempakata mtoto. Kadi chini yake ilisema: "Jiwe la Kisii. Mchongaji hajulikani."

Kwao, jiwe halitazamwi likiwa kavu. Hulowanishwa kwanza, ndipo rangi yake itoke. Basi Kerubo akafanya jambo ambalo mtoto wa mchongaji pekee angelifanya: akafungua chupa yake ya maji, akalowesha kiganja, akalisugua bega la yule mama mbele ya watu wote.

"Dada! Hapa hatugusi!" mlinzi akapaza sauti.

"Sijagusa, kaka. Nimeosha."

"Utaoshaje bila kugusa?"

"Huyu ni wa kwetu."

"Wa kwenu, na yuko Nairobi?"

"Hata wewe uko Nairobi, na ukifungua mdomo naisikia Keroka nzima."

Tuliangua kicheko. Mlinzi mwenyewe alishindwa kujizuia, akamuuliza kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, ni wa ukoo gani.

Kerubo hakuwa akicheka. Mshipa mwekundu ulikuwa umejitokeza pale begani, na nyuma ya shingo palikuwa na sehemu ndogo isiyopigwa msasa. Akanishika mkono. "Nyanchama, hii ni kazi ya baba."

Baba yake, Mzee Makori, alifariki Kerubo akiwa bado shule ya msingi. Kila sanamu aliiachia kipande kama hicho, kikavu na chenye mikwaruzo. Alikuwa akimwambia bintiye kwamba mtu aliyelainishwa kote hana pa kushikwa.

Msimamizi wa ukumbi alitusikiliza kwa heshima. Alisema hawezi kuandika jina kwa kutegemea kumbukumbu za utotoni. Tulete kazi nyingine ya mzee, Kerubo amwonyeshe kwamba ni mkono ule ule uliochonga, naye ataibadilisha kadi.

Kazi ipi? Nyumba ya mchongaji haikuwa na sanamu hata moja. Wachuuzi walizibeba zote, na majina hawakuuliza.

Tangu siku hiyo Kerubo hakutaka kitu kingine duniani. Wengine walizungumzia kuhitimu na ajira. Yeye alizungumzia kadi ile.

Likizo hii akanipigia akipiga kelele hadi nikaondoa simu sikioni. "Nimelipata! Liko jikoni! Mama amekuwa akizuia mlango nalo miaka yote hii!"

Kilikuwa kichwa cha mwanamume, cha jiwe, hakijamalizika, kimejaa masizi. Nyuma ya shingo, pale pale, mikwaruzo.

"Na mlango sasa utazuiwa na nini?" nikamuuliza.

"Mlango utavumilia, mama wa majani chai."

Tulipatana kwamba angetoka Nyamarambe alfajiri, nami nimngoje Keroka, twende Nairobi pamoja. Nilinunua ndizi mbivu, nikasimama kando ya barabara. Ujumbe wake wa mwisho bado ninao: "Niko njiani. Baba amelala mapajani mwangu kama mtoto."

Gari lao liligongana na lori kabla tu ya kuingia Keroka. Niliuona umati ukikimbia, nikakimbia nao, ndizi mkononi, bila kujua ninachokikimbilia.

Jiwe halikupata hata ufa. Hilo ndilo nisiloweza kulisamehe.

Wazee walijadiliana pa kumzika, kwa kuwa hakuwa ameolewa, na desturi ingemsogeza pembeni mwa boma. Mama yake alisimama, akasema neno moja tu: "Kando ya baba yake." Hakuna aliyebisha.

Mchungaji alihubiri kwamba Mungu hakosei. Niliitikia amina kwa mdomo tu. Nawasihi, ndugu zangu, msiniandikie hilo hapa chini. Huenda ni kweli, ila leo sina mahali pa kuliweka.

Baada ya mazishi mama yake alinikabidhi jiwe, limefungwa kwenye leso. "Lipeleke wewe, mwanangu."

Leo nimelitia ndani ya beseni la maji. Nimeligeuza, nimeitazama shingo, nimepapasa mikwaruzo ile hadi vidole vikafa ganzi. Rangi imetoka, Kerubo. Ni nzuri mno. Lakini mkono wa mzee siuoni. Nitamwambia nini yule msimamizi? Aliyeweza kuweka kidole hapa na kusema "huyu ni baba" ni wewe peke yako, na wewe tumekufukia.

Nimelitoa majini. Linaanza kukauka pembeni, na rangi inarudi ilikokuwa imejificha.

Mjini yule mama wa jiwe bado amempakata mwanawe, na kadi bado inasema ilivyosema.

Lala kando ya baba yako, Kerubo. Hapo, angalau, mchongaji anajulikana.