Beseni la Karanga Bila Maji

Munanisumbua. Kila mutu anayepita hapa kijijini Wamaza anataka nimueleze habari ya Jeannette na Kasimu, kama vile mimi sina shamba la kulima. Kalamu na mukono wangu havipatani, ningeiandika mara moja muniache. Lakini wengine wanaieleza kwa kuipotosha, basi kaeni.

Jeannette ni mujane, na karanga ndizo zilizolea watoto wake sita. Mwaka mumoja alipakia mabeseni mawili kwenye moto, pikipiki ya kukodi, hadi soko la Kasongo, karanga zimekwisha kubambuliwa, nyekundu, za kupendeza. Kasimu, munene wa depo, mwenye ghala la kununulia karanga, akapasua moja kwa kucha. Ndani, kuvu ya kijani.

"Mama, unauzia watu sumu?"

"Sumu iko mudomoni mwako!"

Kasimu akapindua beseni, karanga zikamwagika kwenye matope. "Hata kuku wangu hatakula hii. Rudi kwenu, Mama Sumu!"

Soko lote likacheka. Lile jina likapanda moto pamoja naye, likafika Wamaza mbele yake. Kwenye kisima wanawake wakaacha kununua karanga zake, hata bibi-arusi wa mutoto wake akaficha kibakuli asiwekewe karanga. Jeannette akaapa mbele ya jiko lake: Kasimu atakula karanga kutoka mukononi mwangu, pale pale aliponimwagia, na ataniita jina nililobatizwa.

Akamuendea Naomie, agronomu, mutaalamu wa kilimo anayezunguka vijiji vya Kabambare.

"Sumu ya kuvu haionekani siku zote, mama, na kupika hakuiondoi," Naomie akasema. "Munabambua namna gani?"

"Kama watu wote. Tunanyunyiza maji, ganda linalegea, kidole hakiumi."

"Na hayo maji, kuvu nayo inayapenda," Naomie akasema.

"Na lumbalumba?" Jeannette akauliza. "Yale majani ya harufu kali, tunayowapa watoto wakiumwa tumbo. Haiwezi kupigana na kuvu?"

"Inaweza kuizuia. Kilichooza haikirudishi. Jaribu, lakini kausha vizuri."

Akatwanga lumbalumba, akaloweka, akachuja kwa kitambaa. Akachukua karanga za shamba moja, akazigawa kwenye vyungu viwili. Za kwanza akazinyunyizia maji ya kisima, akabambua, akafunika, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Za pili akazipiga maji ya lumbalumba zikiwa na ganda, akazianika juani hadi zikalia ukizitikisa. Wiki tatu baadaye akafungua. Chungu cha kwanza kilikuwa na ndevu za kijani. Cha pili kilikuwa safi.

Akakaa chini. Kumbe Kasimu alisema kweli. Sumu ilitoka mukononi mwake mwenyewe, na kwa miaka mingapi? Mutu mwingine angelainika hapo. Jeannette akakasirika mara mbili: Kasimu alijua kuvu, akachagua kumucheka badala ya kumufundisha.

Akatupa chungu kile kwenye shimo la choo, akawaambia wanawake wote wa Wamaza waache maji. Msimu uliofuata magunia yao yote yalinuka lumbalumba. Kule Kasongo wafanyakazi wa Kasimu waliendelea kunyunyiza maji ili wabambue haraka, na depo yake ikaota kijani hadi mulangoni. Wanunuzi wakamukimbia. Akaja Wamaza mwenyewe, na moto mbili.

"Mama, nipe magunia kumi."

"Nitakupa. Lakini sokoni, pale pale uliponimwagia."

Siku ya soko Jeannette akaweka beseni la karanga zenye ganda mbele ya Kasimu. "Bambua."

"Lete maji basi."

"Bila maji, Papa Kasimu."

Akabambua. Vidole vikavimba, kucha ikatoka damu, watu wakamuzunguka kama kwenye mazishi ya tajiri. Muuza samaki akasema, "Papa, bado beseni limejaa!" Jeannette akasimama wima, hakukaa hata mara moja. Beseni lilipokwisha, akatia karanga tatu kwenye kiganja chake, akakinyoosha.

Kasimu akala.

"Ni za nani?"

"Za Mama Jeannette."

"Sauti!"

"Za Mama Jeannette!"

Akamupa magunia. Hakumusamehe, na mimi simulaumu.

Sasa wewe uliyenitoa shambani: nenda kwenye gunia lako, pasua karanga kumi, uangalie ndani. Kisha rudi hapa Wamaza unibambulie beseni moja. Bila maji. Nitakusimamia.