Mabuti Ndani ya Pipa

Huku bondeni kwetu mtu hupewa jina kwa kile kinachomwandama. Yuko Gethin Mafuta, ambaye babu yake ndiye aliyeuza mafuta ya taa; Gethin mwenyewe hajawahi kuuza hata kibaba. Na Idwal wa shamba la Blaen-nant alikuwa Idwal Mabuti, wala hakuna aliyeuliza sababu. Siku ya harusi yake mto ulifurika ukameza daraja, akavuka na mabuti yake ya mpira huku viatu vya harusi kavibeba mkononi. Alipofika kanisani akasahau kubadilisha. Bibi harusi, Nesta, alisimama na shela yake mbele ya mchungaji akitazama matope yakichuruzika kwenye zulia, na uchungu wa siku ile aliugeuza utani, akautumia miaka yote ya ndoa yao.

Idwal hakutaka buti la aina nyingine. Ni yale yale marefu ya kijani, yenye mkanda mdogo ubavuni, yaliyokuwa yakitengenezwa Scotland. Likipasuka, aliliziba kwa kiraka cha baiskeli na gundi, akapuliza, akasubiri, akavaa. Siku hizi wasichana wa mjini huyavaa kwenye matamasha ya muziki. Binti yao Eluned, anayeishi jijini Cardiff, aliwahi kumwonyesha picha ya umati mzima umeyavaa. Idwal akaitazama sana, kisha akauliza hao watu wana kondoo wangapi.

Nje ya mlango wa nyuma alichomeka vijiti viwili ardhini. Akirudi, aliyapindua mabuti juu ya vijiti hivyo, midomo ikitazama chini, mvua isiingie. Jirani aliyatazama kwa mbali akajua: mabuti yapo, Idwal yuko nyumbani. Mabuti hayapo, Idwal yuko mlimani kwa kondoo. Hakuna aliyepoteza muda kubisha hodi.

Kisha akaanza kusahau. Yalitangulia majina, ikafuata mikutano ya kanisa, na mwisho akawa anapanda mlimani kutafuta kondoo ambao yeye na Nesta walikwisha kumwachia jirani yao Gethin. Mara mbili Gethin alimteremsha amelowa chapachapa, akimtania njia nzima kwamba mzee bado ana mbio kuliko mbwa wake. Mara ya pili, Gethin alipomfikisha mlangoni, utani ulikuwa umemwisha.

Daktari akataja nyumba ya wazee, ile iliyoko mjini. Eluned naye akasema hivyo hivyo. Nesta alikataa katakata. Alikuwa amemwona mama yake mwenyewe akimalizikia katika nyumba ya namna ile, kwenye kiti kando ya dirisha lisilofunguka, na aliapa Idwal hatakalia kiti hicho. Alichohitaji ni kumzuia tu asitoke. Akawaza na kuwazua, akakumbuka kwamba tangu amjue mume wake hajawahi kumwona akikanyaga nje bila mabuti, hata kumwaga maji. Basi asubuhi moja ya Novemba aliyachukua, akayatia ndani ya pipa kuukuu la chakula cha kondoo, akafunika, akaweka na jiwe juu.

Dawa ilifanya kazi, na ilikuwa chungu kuliko ugonjwa.

"Nesta, mabuti yangu yako wapi?"

"Nimeyapeleka kwa fundi."

"Fundi gani tena? Mabuti si nayaziba mwenyewe?"

Alikuwa amesahau mwaka, amesahau kama mama yake alishakufa, lakini hilo hakulisahau. Aliyatafuta chini ya ngazi, nyuma ya kochi, ndani ya jiko la kuokea. Akimaliza, alikaa kwenye benchi la mlangoni na soksi zake nzito, mikono magotini, kama mtu aliyeambiwa asubiri. Baada ya kitambo akauliza upya. Mot, mbwa wao, alikuwa na tabia ya kwenda kulala ubavuni mwa pipa, na Nesta akawa anamfukuza kwa ufagio ili siri isitoke. Siku moja Idwal alilia. Nesta aliacha supu ikichemka, akaenda mpaka kwenye pipa, akaliwekea jiwe mkono. Alijichukia. Lakini akampima akiwa analia nyumbani na akiwa amekufa mlimani, akarudi jikoni.

Yakapita hivyo majira ya baridi. Mwezi wa Februari, siku ya mvua, Eluned alipiga simu mchana.

"Mama, umechoka. Nakusikia mpaka huku."

"Nimechoka, ndiyo, ila baba yako yuko kwake. Na hatoki. Bila mabuti yake hatii mguu nje."

"Ameyaacha mwenyewe?"

"Nimeyaficha."

Eluned akasema taratibu, "Mama, umemfichia baba mabuti yake?" Nesta akaanza kujitetea, akaeleza, akaeleza tena, sauti ikapanda, kisha akaweka simu chini. Hapo ndipo alipohisi baridi miguuni. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Idwal alikuwa ametoka na soksi tupu.

Nesta na Gethin walimkuta kwenye zizi la juu, ameegemea ukuta wa mawe, soksi moja imeliwa na matope, mguu umegeuka rangi. Alipomwona Nesta alivua kofia. Katika miaka yote ile hajawahi kumvulia Nesta kofia. Hiyo ni heshima ya wageni.

"Samahani, mama," alimwambia. "Namngoja mke wangu hapa. Amekwenda kuniletea mabuti."

Baridi ilimwingia kifuani. Alilazwa hospitali, na alipotoka hakurudishwa Blaen-nant, alipelekwa kwenye ile nyumba ya wazee mjini. Safari hii Nesta hakuwa na mdomo wa kukataa. Muuguzi aliyemwogesha alimwita pembeni akamwuliza mzee alifungwa na nini, maana kila kigimbi kina duara jekundu lisilo na unywele hata mmoja. Nesta akamjibu kwamba ni mabuti tu, ni midomo ya mabuti.

Siku iliyofuata aliliondoa jiwe. Mpira ulikuwa umekakamaa, buibui kajenga ndani. Aliyaosha kwa maji ya moto, akayafuta mpaka kijani kikarudi, akayatia ndani ya mfuko mkubwa akapanda basi. Njia nzima aliyapakata. Alikuwa amejishawishi kwamba Idwal akiyaona atajikumbuka yeye ni nani, na akijikumbuka, pengine atamkumbuka na mtu wa kando yake. Hakuwa na tumaini jingine lolote.

Idwal alikuwa kwenye kiti, kando ya dirisha. Nesta alimwekea mabuti mapajani. Idwal akaligeuza moja, akapitisha kidole gumba juu ya kiraka, kidole kikasimama pale pale.

"Mabuti mazuri," Idwal akasema.

"Ni yako, Idwal."

Akatikisa kichwa kwa adabu. "Hapana, mama. Yarudishe. Mwenyewe atakuwa anayatafuta."

"Anayatafuta," Nesta akasema. "Anayatafuta tangu Novemba."

"Basi mpe," Idwal akamwambia, akimkabidhi. "Si vizuri kumnyima mtu mabuti yake."

Nesta aliposhuka basi mvua ilikuwa ikinyesha. Alifika mlango wa nyuma akasimama mbele ya vile vijiti viwili. Kuyapindua pale ni kuliambia bonde zima kwamba Idwal yuko nyumbani, na hilo hakuliweza. Kuyarudisha kwenye pipa hakuweza pia. Mwishowe aliyasimamisha tu kizingitini, midomo juu, akaingia ndani, na mvua ikaanza kuyajaza.