Asubuhi za Kufungua Vidole

Nilikuwa mama wa watoto watatu, mwenye nguvu za kutwanga sombe, majani ya muhogo, na kuzungumza na jirani papo hapo, wakati vidole vyangu vilipoanza kukataa kufunguka asubuhi. Tulikaa Kindu, upande wa Kasuku, katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Wabelgiji walikuwa wakitawala bado, na mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya treni.

Mara ya kwanza nilidhani nimelalia mikono. Kisha viungo vikavimba, vya kulia na vya kushoto pamoja, vikawa na moto ukivigusa. Magoti yakafuata. Kila siku ilinibidi nisubiri jua lipande ndipo niweze kushika kikombe cha chai.

Hospitalini daktari mzungu alinibonyeza vidole kimoja kimoja, akanipa vidonge. Alisema ni ugonjwa wa viungo, hautaondoka upesi. Muganga wa pale hospitalini, Mwafrika mwenzetu aliyekuwa akitafsiri, akaongeza, "Mama, upumuzike. Hapana kubeba kitu."

Mume wangu alilishika neno lile kama amri ya kazini. Akamwita dada yake, mjane, atoke Pangi aje kunisaidia. Wifi alikuwa mtu mwema. Alipika, alifua, alichota maji, na nikiinama kuokota ufagio alikuwa ameshaufikia.

"Wifi, weye ukae tu," alisema. "Mimi njo niko hapa."

Nikakaa. Nilikaa miezi, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa kwenye mkeka. Kadiri nilivyokaa ndivyo magoti yalivyozidi kukaza, mpaka ikawa sisimami bila kuinuliwa. Lililoniuma zaidi ni watoto. Waliacha kuniomba chakula. Walipita mbele yangu wakaenda kumwomba shangazi yao, nami nikageuza uso wasinione.

Siku moja wifi alikwenda sokoni, watoto wako shuleni, mume kazini. Mihogo ya kusaga ilikuwa imeanikwa uani kwenye mikeka mitatu. Wingu jeusi likatokea ng'ambo ya mto. Niliita jirani, sikujibiwa. Basi nikajiburuta hadi mlangoni, nikashika mwimo kwa viwiko, nikasimama. Vidole havikuweza kukamata ukingo wa mkeka, kwa hiyo niliusokota kwenye mkono, karibu na kiwiko, nikauvuta kinyumenyume. Wa kwanza ukaingia, wa pili ukaingia. Wa tatu ulilowa, na mimi pia.

Wifi alirudi mbio na kikapu kichwani. "Nani ameingiza muhogo?"

"Mimi."

Alinitazama nilivyokuwa nimelowa, nywele zimejaa unga. "Kaka yangu atatuua sisi wote wawili," akasema, tukaanza kucheka, tukashindwa kuacha.

Siku iliyofuata niliumwa sana, nikajuta. Lakini ya tatu yake nilisimama mwenyewe. Polepole, nikishika ukuta, ila mwenyewe.

Tangu hapo tukawa na siri yetu. Mume wangu akishatoka, wifi alinitilia maji ya vuguvugu kwenye beseni, nami nikaloweka mikono, nikifunga na kufungua vidole humo ndani. Kisha tulitembea. Kwanza hadi mpera wa jirani, baadaye hadi bombani, baadaye hadi karibu na stesheni. Siku viungo vilipowaka moto tulipumzika. Vikipoa tukaenda.

Stesheni ndipo tuliponaswa. Mume wangu alikuwa akivuka reli, mafuta ya mashine mikononi, akatuona. Mbele ya wenzake aliendelea na kazi yake. Nyumbani alisema.

"Muganga alisema upumuzike! Unataka nikuzike?"

"Baba, nikikaa, magoti inafunga," nikamjibu. "Nikitembea inauma, lakini inafunguka. Uache nitembee."

Aliinama akayatazama magoti yangu. Ndipo nikaona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na alikuwa nayo peke yake miezi yote ile.

Baada ya siku chache alirudi na mchi mpya. Alikuwa ameuchonga kwa mti mwepesi, na mahali pa kushika amepazungushia mpira wa baiskeli hadi pakawa panene, nisilazimike kukunja vidole kabisa. "Jaribu," akasema. "Ikiuma, uache." Sombe yangu ya siku ile ilikuwa na vijiti. Aliila yote.

Msimu wa kupanda ulipofika nikasema nataka kwenda Alunguli, ng'ambo, nilikokuwa na kipande cha shamba. Mume wangu alitupeleka hadi ufukweni. Kuingia kwenye mtumbwi kulinichukua muda: nilikaa kwanza ukingoni mwa mtumbwi, kisha nikainua mguu mmoja, kisha mwingine, na abiria walisubiri. Mama mmoja alinishikia mkono bila kuuliza kitu.

Shambani wifi alilima, nami nikachomeka vipande vya muhogo na kuvikandamiza kwa kisigino, maana mikono haikuweza. Nilimaliza mstari mmoja, umepinda. Nikakaa chini, wifi akamaliza mistari iliyobaki.

Vidole vyangu havikunyooka tena, na ziko nyakati ugonjwa hunilaza wiki nzima. Lakini jioni ile nilirudi Kasuku nimechoka kama walivyochoka wanawake wengine mtumbwini, tukiulizana nani amepanda nini.