Ua Tulilolisalimia Jioni

Nilichelewa msiba. Mtu anayehamahama kama mimi, habari za vifo humfikia zikiwa zimeshapoa, na ya jirani yetu wa zamani ilinikuta Tunduma matanga yakiwa yameshaanuliwa. Nikafunga kibegi changu nikashuka mpaka Kibaha. Pale mtaa wa Picha ya Ndege nikaulizia nyumba ya binti yake, nikaonyeshwa kichochoro kati ya duka la mabati na banda la chipsi. Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa nimeinua mkono nipige hodi ndipo harufu ile ilipotoka nyuma ya nyumba ikanifikia.

Msomaji wangu, sijui wewe una harufu gani inayoweza kukurudisha utotoni bila kukuomba ruhusa. Yangu ni hiyo: kama asumini iliyosuguliwa kwa ganda la ndimu, na kwa mbali sana, kama maziwa ya mtoto. Nilishusha mkono. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na kitu, nimesimama mlangoni pa watu, na midomo yangu ilikuwa imeshaanza kutamka, "Shikamoo mama."

Mama yangu alifariki nikiwa bado sijajua kukaa. Nililelewa na bibi, mama yake mzazi, huko Kisarawe upande wa Msimbu, enzi zile nyumba zilipokuwa zimetawanyika, kila familia na mikorosho yake, na ukitumwa moto kwa jirani ulitembea mpaka ukasahau ulichotumwa. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mkwaju, na chini ya mkwaju kaburi la mama. Kwenye panda la mti huo, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, ndipo lilipoota ua. Hakuna aliyelipanda. Bibi alisema aliliona kwa mara ya kwanza mwaka ule ule aliomzika mwanawe. Lilikuwa jeupe, lina majani manene na mkia mwembamba unaoning'inia nyuma yake kama uzi uliosahaulika kwenye sindano. Mchana halikunukia kabisa. Ungelisogezea pua usipate kitu. Jua likianza kuzama, ndipo.

"Mama yako amekuja," bibi alikuwa akisema, anaacha hata mwiko ndani ya chungu cha kisamvu. "Msalimie."

"Shikamoo mama," nasema, nikitazama dirishani.

Kimya. Kisha bibi, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake ya kila siku, anajibu: "Marahaba."

Niliogopa, nisikudanganye. Nywele zilinisimama kila mara. Lakini jioni ambazo harufu haikuja niliogopa zaidi.

Mambo ya maua hayakuwa ya bibi peke yake. Mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu aliyetoka bara, alianzisha chama cha maua pale usharikani, na kina mama wakajiunga, pamoja na majirani Waislamu waliosema ua halina dini. Mwalimu aliyaita okidi. Wazee wetu waliyaita maua ya juu tu, kwa sababu yaliishi juu ya miti, hayataki udongo. Chama hakikuruhusu mtu kung'oa ua kwenye mti ulio hai. Tuliwafuata wachoma mkaa msituni. Wakiangusha mti, kina mama waliuvamia kabla haujapangwa kwenye tanuri, wakiokoa maua matawini huku wachoma mkaa wakiwacheka: "Mama zetu, mnachuma mboga gani hiyo isiyolika?"

Nyumbani tuliyafunga kwenye makumbi ya nazi kwa kamba za usumba, nyuzi za kumbi lenyewe, tukayaning'iniza upenuni. Kazi yangu ilikuwa kuyanywesha. Asubuhi, kabla ya uji, niliyarushia maji ya mvua kwa kata, na tukiwa na wali siku hiyo, maji ya kuoshea mchele yalikuwa ya maua. Mizizi yao mikavu huwa myeupe kama uzi wa katani. Ikilowa inageuka kijani mbele ya macho yako. Mwalimu alitufundisha kuitazama hiyo mizizi kama mama anavyotazama ulimi wa mtoto mgonjwa.

Masika yakiisha, yalifanyika maonyesho kwenye banda la usharika. Meza zilitandikwa kanga, makumbi yakapangwa, chai ya mchaichai na maandazi vikazunguka. Na kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja. Ua lililoshinda lilikatwa pale pale. Mwalimu alipitisha wembe kwenye mwali wa mshumaa, akampa mwenye ua, naye akakata machipukizi na kuwagawia wenzake. "Ua lisilogawiwa hufa na mwenyewe," ndivyo walivyosema. Ndiyo maana maua ya chama hayakuwahi kupotea: la kwako likifa, mtoto wake yupo kwa mwenzako.

Bibi alipeleka maua yake ya njano yenye madoadoa, akashinda, akakata, akagawa. La mkwajuni hakulipeleka. "Lile si ua," alisema. "Lile ni mgeni wangu."

Kisha ukaja wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Lori lilikuja asubuhi tukiwa hatujala. Watu walipakia vinu, kuku, milango waliyoing'oa. Bibi yangu, mzee vile, alipanda kwenye kinu kilichopinduliwa, akachonga gamba la mkwaju kwa panga, akaliteremsha ua pamoja na gamba lake. Alilipakata safari nzima. Sikumsikia akilia. Alisema tu, lori lilipokata kona, "Kaburi nimeshindwa kulibeba."

Kijiji kipya kilikuwa na nyumba zilizopangwa kwa mistari, dirisha la huyu linatazama mgongo wa nyumba ya yule. Mtu akikohoa kwake, wewe ndiye unayetafuta dawa. Aliyekuwa nyuma yetu ni huyo jirani ambaye msiba wake niliuchelewa, mwanachama mwenzake bibi, mama wa maneno mengi na binti mmoja mkubwa niliyemwita dada. Bibi alilitundika ua upenuni, nyuma. Na jioni ya pili au ya tatu, harufu ikaja. Bibi alikaa chini kwenye mchanga, miguu ameinyoosha, akacheka kama msichana. "Ametufuata," alisema.

Mwaka ule maua mengi ya chama yalikuwa yamefia njiani. Mwalimu alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba chochote chenye petali. Hapo ndipo bibi alipofanya jambo ambalo mpaka leo nalifikiria. Alikubali. Alilifuta majani kwa kitambaa chenye maji, moja moja, akavaa kanga yake ya sikukuu. "Nataka watu wamwone," aliniambia.

Maonyesho yalichelewa kwa sababu mchungaji, ambaye ndiye alikuwa hakimu, alipata pancha ya baiskeli. Kina mama walipoteza muda kwa kutaniana. "Hilo lako lina mafua, mbona limeinamisha kichwa?" "Afadhali langu linainama, lako limevaa kanzu likasahau kofia!" Mchungaji alipofika alipita mezani amefumba macho, akinusa, na jirani yetu akapaza sauti: "Mchungaji, amka, mahubiri bado!" Banda zima likacheka.

Ndipo jua likateremka, na ua la bibi likaanza.

Sijawahi tena kuona watu wengi wakinyamaza kwa pamoja namna ile. Mtu aliyekuwa na andazi mdomoni aliacha kutafuna. Mchungaji alifungua macho. Bibi aliinamisha kichwa kama bibi harusi, na mimi nilitazama mlangoni, maana nilijua ni nani aliyeingia.

Lilishinda, bila shaka. Mwalimu akapitisha wembe kwenye mshumaa, akamnyooshea bibi.

"Hapana," bibi alisema.

"Mama, ni sheria yetu."

"Mtu hakatwi."

Wengine walidhani anatania. Walipoona hatanii, maneno yakatoka. "Kumbe! La kwangu ulilichukua, wala hukuona ni mtu!" "Ya wenzio kula, yako kaa nayo!" Jirani alimshika mkono: "Mwenzangu, lina machipukizi matatu hilo. Kata hata moja, yaishe." Bibi alitikisa kichwa. Alikuwa analia hata haoni njia, ikabidi jirani ambebee kumbi njiani, nami nikamshika bibi upindo wa kanga mpaka nyumbani.

Tangu siku hiyo hakurudi chamani. Na kwa kuwa aliogopa mtu angekuja kulikata, akalitoa upenuni, akalitia chumba cha ndani, juu ya sanduku, akafunga mlango kwa kufuli. Ua linalokula hewa na mwanga! Yeye aliyejua hayo kuliko wengi. Nilipolinywesha, mizizi haikugeuka kijani tena. Ilikuwa laini, ya kahawia, inashikana na vidole. Siku moja majani yote yalidondoka kwa pamoja. Bibi aliyakusanya kwenye upande wa kanga, akayafukia nyuma ya nyumba.

Kilichofuata ni jioni tupu. Jua likizama, bibi aliacha anachofanya, akageuza uso dirishani, akangoja. Mimi nikangoja naye. Twanga-twanga ya majirani ikaisha, moshi wa kuni ukatanda, giza likaingia, hakuna kitu. Alianza kukonda. Chakula alikigusa tu. Masika yale yakapita hivyo, na yaliyofuata.

Halafu jioni moja, nikichambua mchicha mlangoni, nilisikia mwiko ukianguka. Nikainua kichwa. Harufu ilikuwa imejaa ndani ya nyumba yetu, nyumba isiyo na ua hata moja. Bibi alikuwa amesimama dirishani, mikono yote miwili kwenye mbao.

"Unasikia?"

"Nasikia, bibi."

"Amekuja mwenyewe. Hahitaji ua tena." Akanigeukia, machozi yanamtiririka. "Msalimie basi, unangoja nini?"

Tangu hapo, kila msimu, mama alikuja. Bibi alinenepa tena. Alifariki nikiwa kidato cha nne, jioni, dirisha likiwa wazi kama alivyotaka, na baada ya mazishi nilifunga kibegi changu cha kwanza. Nimekaa Tanga kwenye katani, Makambako, Mpanda, Tunduma. Kila mahali nilichagua chumba chenye dirisha la nyuma. Sikuwahi kumkuta. Nilijiambia labda hajui nilikohamia, nikahama tena.

Sasa unaelewa kwa nini mkono wangu ulishindwa kupiga hodi. Dada ndiye aliyefungua, mtu mzima sasa, nywele zimeingia mvi.

"Mbona umesimama kama mdai? Ingia, mdogo wangu."

Nilimpa pole ya mama yake, tukalia kidogo kama inavyopasa, akanitengea chai ya mchaichai. Nilijaribu kuuliza habari za ugonjwa wa marehemu, huku uso wangu ukigeukia mlango wa uani.

"Unaisikia," alisema.

Akanichukua mpaka uani. Ukutani, juu ya ndoo za maji, yaling'inia makumbi ya nazi, na katika kila kumbi lile ua jeupe lenye mkia.

"Siku ile ya maonyesho, bibi yako alikuwa analia, mama ndiye kabeba," dada alisema. "Alibandua chipukizi moja njiani, akalificha kwenye fundo la kanga. Alisema chama ni chama. Basi la bibi yako likafa. Hili likakua polepole, mpaka likatoa ua. Mama akasema, 'Nampelekea, aninunie akitaka.' Akalibeba mpaka pembeni ya dirisha lenu, jioni. Mimi nilikuwa nyuma yake. Akawasikia. Wewe ukasalimia, bibi yako akaitikia. Mama akarudi kinyumenyume, kumbi mkononi. Akaniambia, 'Nikimpa, atajua nilimkata mwanawe. Nisipompa, mwanawe anamjia kila jioni.' Akalitundika ukuta wetu wa nyuma, mkabala na dirisha lenu, akaliziba kwa jamvi kuukuu msilione. Hakuligawa kwa mtu, wala hakulipeleka maonyesho tena. Tulikuwa tunakusikia kila siku. Tulikuwa tunashusha sauti ili usalimie vizuri."

Nilikaa kwenye ukingo wa karo la kuoshea vyombo. Nilitaka kukasirika, sikupata pa kuanzia. Chama kile hakipo. Mwalimu alirudi kwao bara. Msitu ambamo tuliokoa maua umekuwa mkaa, mkaa umekuwa majivu ya Dar. Nimeambiwa mkwaju nao ulikatwa, na kwenye kaburi sasa ni shamba la mihogo la mtu nisiyemjua, ambaye hana kosa. Nimetembea nchi hii miaka yote nikimtafuta mama madirishani, kumbe alikuwa ukutani kwa jirani, ananyweshwa maji ya mchele.

Dada aliingia jikoni, akatoka na wembe na mshumaa uliowashwa. Akapitisha wembe motoni, akaninyooshea.

"Kata la kwako. Ila halipendi kuhamahama, nakwambia mapema."

Niliushika wembe. Nikatafuta chipukizi lenye mizizi yake, nikaliona, nikaweka makali pale. Harufu ilikuwa nzito sasa, giza linaingia, na kutoka banda la chipsi mafuta yalikuwa yanachemka. Mkono ulikataa. Neno lilinitoka kwanza, kwa sauti ya chini kabisa, nikidhani nimelisema moyoni.

"Shikamoo mama."

Nyuma yangu mshumaa ulitikisika. Dada alikuwa amesikia. Kumbe alikuwa na mazoea ya kusikia. Akangoja kidogo, kama bibi alivyokuwa akingoja.

"Marahaba," alisema.

Nikakata.