Jina la Mama Yake Sundus

Kandura, kanzu za watu wazito wa mji huu, nimezishona mimi, hapahapa Satwa, Dubai, na anayebisha alete mshono wake tuupime. Skuli niliishia darasa la nne. Nadhani mwalimu alinionea wivu. Lakini Kiswahili cha kale cha herufi za Kiarabu nakisoma, kitu ambacho Shifaa, mjukuu wa dada yangu, na digrii yake na kazi yake ya kliniki kule Oud Metha, hakiwezi.

Dada yangu ni Masuda. Ndiye aliyenilea, akanikosha, akanichapa, na kwa miaka mingi akatulisha sote kwa mkate wa kumimina aliouuza mlangoni.

Mama yetu, Sundus, tulimzika Dubai mwaka sabini na tisa. Kaburini msoma talkini akauliza, "Mama yake marehemu nani?" Maana maiti huitwa kwa jina la mamake. Bibi yetu alikufa Pemba, shambani, siku ile ile aliyomzaa Sundus. Mtoto akapelekwa Unguja kulelewa na watu, na jina hakuna aliyemwambia. Basi msomaji akamwita Sundus binti Hawa, kama afanyiwavyo asiyejulikana mamake.

Niliporudi nikamhadithia Masuda, nikidhani ni jambo dogo. Hakula siku mbili. "Mmemwita kama mtoto wa kuokotwa," alisema. Miaka thelathini na tano akawa analitafuta jina lile kwa kila Mpemba aliyepita Deira, mtaani kwake.

Mwaka 2014 Shifaa akapata kwa simu, kwa watunza nyaraka wa Unguja, picha za kurasa mbili za hesabu ya watu wa mashamba, za enzi za babu yetu Thuwein, babake Sundus. Masuda alikuwa kitandani, miguu imeshakataa.

"Soma, Marhun. Na usitie chumvi."

"Mimi? Chumvi nakuachia wewe na mikate yako."

Nikasoma. Thuwein bin Mahfudh, mkulima. Mikarafuu inayozaa, mia mbili na kumi, michanga, arobaini. Mke, mmoja. Ukurasa wa pili, miaka sita baadaye: Thuwein bin Mahfudh, mkulima. Mikarafuu inayozaa, mia mbili thelathini na tatu. Mke, hakuna. Mtoto mchanga wa kike, mmoja.

"Na jina?"

Jina nilikuwa nalo tayari. Swafiya. Nililichagua mwenyewe njiani nikija, endapo mambo yatakwenda kombo. Mimi huwaambia wateja kandura iko tayari na kitambaa sijakikata. Uongo mmoja zaidi ungenishinda nini? Nikafumbua mdomo, dada yangu ananitazama, nikashindwa.

"Hawakuandika, dada."

"Tazama tena."

Nikatazama tena. Shifaa akaikuza picha mpaka herufi zikawa madoa.

"Mikarafuu wameihesabu?"

"Wameihesabu."

"Na michanga?"

"Na michanga."

Akaomba aoneshwe lilipo lile neno "mke". Nikamwonesha. Akaweka kidole juu yake, na picha ikateleza ikaondoka. Shifaa akairudisha. Akagusa tena, polepole, ikateleza tena. Mara ya tatu hakugusa. Aliingiza mkono ndani ya kanga.

"Nitawaandikia wengine, bibi," Shifaa alisema. "Labda kuna daftari jingine."

"Khalas, mwanangu. Usihangaike."

Akageukia ukutani. Tangu siku hiyo akija Mpemba, Masuda humuuliza habari za safari tu.